Mtindi, Utumbo na Asidi ya Yuriki: Kibuyu cha Simiyu Kinaweza Nini?

Katika Mkoa wa Simiyu maziwa ni zaidi ya kinywaji. Kwa wafugaji na wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, ng'ombe ni akiba, ni mahari na ni heshima, na maziwa yaliyoganda kibuyuni ni kitoweo cha ugali wa mtama, chakula cha mtoto na makaribisho ya mgeni. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kuhesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2 katika sensa ya 2022, umejaribu hata kuyapa maziwa sura ya kiwandani. Wilayani Meatu vijana walianzisha usindikaji wa maziwa kwa utaratibu uleule wa bidhaa moja kwa kila wilaya ulioipa Maswa kiwanda chake cha chaki.

Sasa maziwa hayo yanaulizwa swali jipya. Mgonjwa mwenye maumivu ya viungo aliyepimwa na kuambiwa kwamba asidi ya yuriki imepanda katika damu yake husikia, kwa jirani au kwa muuza dawa, kwamba bakteria rafiki wa mtindi huishusha. Swali hilo si la kubezwa. Lina msingi wa kisayansi ulio imara kuliko madai mengi ya aina yake, lakini pia lina mtego ambao katika mkoa wa wafugaji unaweza kumwongezea mgonjwa ugonjwa wa pili wa viungo juu ya ule wa kwanza.

Asidi hii inatoka wapi

Asidi ya yuriki ni mabaki ya purini, viini vilivyomo katika kila chembe hai. Seli za mwili zinapokufa na kuvunjwa purini hutoka. Nyama, maini, figo na dagaa vinapoliwa, purini huingia. Kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidezi hukamilisha kazi ya kuzigeuza kuwa asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya kingine, yurikezi, ambacho huivunja asidi hiyo zaidi hadi iwe kitu chepesi kuyeyuka na kutoka kwa mkojo. Binadamu hana. Mababu wa ukoo wetu walikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita, na jeni lake limebaki mwilini kama nyumba isiyokaliwa.

Kwa sababu hiyo binadamu huishi karibu na kikomo. Asidi ya yuriki huanza kushindwa kuyeyuka katika damu inapofika takriban miligramu 6.8 kwa desilita, yaani mikromoli 405 hivi kwa lita. Maabara nyingi huchukua 7 kuwa kikomo cha mwanamume na 6 kuwa cha mwanamke. Kwa kuwa majibu hutolewa kwa vipimo viwili tofauti, mhudumu anapaswa kukumbuka kwamba miligramu 1 kwa desilita ni sawa na karibu mikromoli 60 kwa lita. Mgonjwa aliyeandikiwa 540 ana 9. Kikomo kikivukwa kwa muda mrefu, chembe ndogo zenye ncha kama sindano hujijenga katika viungo. Siku kinga ya mwili inapozishambulia, ndipo mgonjwa anapoamka usiku wa manane, kidole gumba cha mguu kimevimba, kimewaka, na hata shuka likigusa hawezi kuvumilia. Huo ndio ugonjwa wa jongo, ambao wengi siku hizi huuita gauti.

Si kila mwenye asidi nyingi atapata jongo. Walio wengi hawapati kamwe, na asidi iliyopanda bila dalili yoyote kwa kawaida haihitaji dawa. Jambo hili lafaa kusemwa mapema, kwa maana karatasi ya maabara yenye mshale wa kupanda imewatia hofu watu wengi kuliko walivyotishwa na viungo vyao.

Theluthi ipitayo utumboni

Figo hutoa takriban theluthi mbili za asidi ya yuriki inayotoka mwilini kila siku. Theluthi iliyobaki hutoka kupitia utumbo, na huko huvunjwa na bakteria. Hapa ndipo tumaini la probiotiki linaposimama: ikiwa bakteria wa utumbo tayari wanaifanya kazi hiyo, pengine wanaweza kuongezewa wenzao, na ikiwa figo za mgonjwa zimechoka, utumbo unaweza kubeba zaidi.

Mwaka 2023 tumaini hilo lilipata nguvu. Makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja la Chuo Kikuu cha Stanford na jingine la Wisconsin, yalionyesha kwamba bakteria wengi wa utumbo wa binadamu wana jeni za kuvunja asidi ya yuriki na purini pale ambapo hakuna oksijeni. Panya waliokosa yurikezi, walipoondolewa bakteria hao kwa dawa za antibiotiki, asidi yao ilipanda. Watafiti wa Stanford walipotazama pia kumbukumbu za wagonjwa waliotumia antibiotiki zinazoua bakteria wasiohitaji hewa, walikuta hatari ya jongo imeongezeka baadaye. Kwa mji kama Bariadi, ambako mtu anaweza kununua vidonge vya metronidazo kwa kila tumbo linalouma, habari hiyo ina uzito wake.

Lakini msomaji makini atauliza: je, bakteria hao ndio wale wa mtindi? Kwa sehemu kubwa sio. Hao ni wakazi wa kudumu wa utumbo mpana, wasiopenda hewa, ambao hawagandishi maziwa wala hawaishi kibuyuni. Bakteria wa maziwa ni wa familia ya laktobasilasi na jamaa zake, na wao, wakisaidia, husaidia kwa njia nyingine: baadhi hula purini za chakula kabla utumbo haujazinyonya, hivyo ghafi ya kutengenezea asidi hupungua.

Bakteria aliyechunguzwa sana kwa njia hiyo ni Lactobacillus gasseri PA-3, aliyeteuliwa na kampuni ya Meiji ya Japani na kuuzwa nchini humo ndani ya mtindi. Wagonjwa wachache wenye asidi iliyopanda au jongo walipogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakinywa mtindi wenye PA-3 na wengine mtindi wa kawaida, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalitia moyo kidogo tu. Tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka. Nchini China watafiti walimtoa bakteria mwingine, Limosilactobacillus fermentum GR-3, katika jiangshui, mboga chachu za kienyeji za kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, wakamtia katika mtindi na kuripoti mwaka 2022 kwamba asidi ya waliounywa ilishuka kuliko ya waliokunywa mtindi wa kawaida. Matokeo hayo ni mazuri. Yanahitaji kurudiwa na watu wengine, mahali pengine, kwa muda mrefu zaidi, na yapimwe si kwa asidi peke yake bali kwa idadi ya mashambulizi ya jongo ambayo mgonjwa ameepuka.

Somo kutoka Mwanza

Hakuna haja ya kwenda Japani wala China kujifunza jinsi ya kupima madai ya probiotiki. Simiyu inapakana na Mwanza, na Mwanza ina historia yake katika jambo hili.

Mwaka 2004 akina mama wa kikundi cha Tukwamuane jijini humo walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada, kupitia mradi wa Western Heads East, pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mmoja wa wanasayansi waliokuwa nyuma ya mradi huo ni Gregor Reid, aliyeongoza pia jopo la wataalamu wa FAO na WHO lililotoa mwaka 2001 maana ya probiotiki inayotumika hadi leo: vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humletea mtumiaji faida ya kiafya. Maneno matatu katika maana hiyo yanapaswa kusisitizwa, yaani hai, kiasi na faida. Mtindi uliochemshwa baada ya kuganda hauna probiotiki. Mtindi ambao faida yake haijapimwa nao, kwa maana hiyo, haustahili jina hilo, hata kama ni mtamu.

Mtindi wa Mwanza ulielekezwa hasa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wengi wao wakisumbuliwa na kuhara na kukosa lishe. Uchunguzi wa kwanza, uliotazama kumbukumbu za waliokunywa mtindi na wasiokunywa, ulionyesha kwamba seli za CD4 za wanywaji ziliongezeka zaidi. Furaha ilikuwa kubwa. Kisha ukafanyika uchunguzi mkali zaidi hapo hapo Mwanza: wanawake 65 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa vidonge vya bakteria na wengine vidonge visivyo na kitu, kwa wiki 25. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011, tofauti ya CD4 haikuonekana.

Kilitokea nini? Maelezo mawili yanawezekana, na yote yana mafunzo. Huenda wanywaji wa mtindi katika uchunguzi wa kwanza walikuwa tayari na nafuu zaidi, yaani ni wale walioweza kutembea hadi jikoni na kurudi. Au huenda ni maziwa yenyewe, protini na nguvu zake, yaliyosaidia, na bakteria walipotengwa ndani ya kidonge hawakuwa na la kuonyesha. Kwa vyovyote, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuacha kunywa mtindi. Lakini hakuna pia aliyekuwa na sababu ya kuupandisha ngazi ukawa dawa ya CD4.

Mwanza hiyohiyo ilionyesha kwamba probiotiki zaweza kufanya kazi pasipotarajiwa. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2014, wajawazito waliokunywa mtindi wenye GR-1 hawakuongezeka zebaki na aseniki katika damu kama wenzao, ingawa kwa watoto wa shule matokeo hayakuwa wazi vile. Bakteria mmoja, mji mmoja, na majibu tofauti kwa maswali tofauti. Kila dai hupimwa peke yake.

Kuna tahadhari ndogo ya majina. GR-1 wa Mwanza na GR-3 wa China wanafanana kwa herufi tu. Ni bakteria wa spishi mbili tofauti na asili mbili tofauti, na kilichoonekana kwa mmoja hakihamii kwa mwingine, sawa na jinsi ng'ombe wa maziwa na ng'ombe wa kulimia hawawi wamoja kwa kuitwa ng'ombe. Muuzaji anayesema mtindi wake una probiotiki bila kutaja ni bakteria gani hajasema lolote kuhusu asidi ya yuriki.

Sifa inayostahili maziwa yenyewe

Baada ya tahadhari hizo zote kuna habari njema, nayo haiwahusu bakteria. Mwaka 2004 Hyon Choi na wenzake wa Boston walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 12 wanaume 47,150, wote watumishi wa taaluma za afya, ambapo 730 kati yao walipata jongo. Waliokula nyama nyingi zaidi walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 41 ikilinganishwa na waliokula kidogo zaidi. Kwa samaki na viumbe wa majini, asilimia 51. Mboga na kunde zenye purini hazikuongeza hatari. Maziwa na mazao yake yaliipunguza kwa asilimia 44, na faida hiyo ilishikamana na maziwa yenye mafuta kidogo.

Nchini New Zealand watafiti walionyesha baadaye kwamba maziwa yaliyoondolewa mafuta hushusha asidi ya yuriki kwa takriban asilimia 10 ndani ya saa tatu tu baada ya kunywewa. Maziwa hayo hayakuwa yameganda wala hayakuwa na bakteria hai. Protini za maziwa na viini vingine vyake huzisaidia figo kuitoa asidi. Basi sehemu ya sifa anayopewa bakteria yaweza kuwa haki ya ng'ombe.

Kwa Simiyu hili lina maana ya moja kwa moja. Maziwa yanayobaki baada ya kusukwa na kutolewa siagi ya kutengenezea samli, ambayo katika kaya nyingi hupewa watoto au hudharauliwa, ndiyo yanayokaribiana zaidi na yale yaliyosifiwa na utafiti. Mgonjwa wa jongo anaweza kuyanywa bila wasiwasi, bilauri moja au mbili kwa siku, asipokuwa na ugonjwa wa figo uliofikia hatua ya kuwekewa mipaka ya madini ya potasiamu na fosforasi.

Hata hivyo hesabu inabidi ifanywe kwa uaminifu. Lengo la tiba kwa mgonjwa wa jongo ni kushusha asidi chini ya miligramu 6, yaani mikromoli 360, na kuiweka hapo. Mgonjwa mwenye 9 anahitaji kushuka kwa theluthi. Ichukuliwe, kwa ukarimu, kwamba mtindi wake umeishusha kwa moja ya sita: sasa ana 7.5, bado juu ya kikomo cha kuyeyuka, na chembe zinaendelea kujijenga kimyakimya ilhali yeye anaamini anatibiwa.

Mtego ulio ndani ya kibuyu

Hatari kubwa ya ushauri wa "kunywa mtindi" katika mkoa wa wafugaji ni ugonjwa wa bruselosi. Bakteria wake hukaa katika ng'ombe, mbuzi na kondoo, huwatupisha mimba, na hupita kwa binadamu kupitia maziwa mabichi au kwa kushika kondo na mtoto mfu wa mnyama bila kinga. Kwa binadamu huleta homa inayopanda na kushuka kwa wiki nyingi, jasho la usiku, uchovu mzito, na maumivu ya mgongo, nyonga na magoti. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyohiyo ya maziwa.

Watu wengi huamini kwamba uchachu huua kila kibaya. Hauui kwa uhakika. Bruselosi huweza kuvumilia maziwa chachu kwa siku kadhaa. Maziwa ya kienyeji hukamuliwa na kumiminwa kibuyuni mabichi, na kibuyu, hata kikifukizwa moshi vizuri, hubaki na mabaki ya jana na juzi. Ladha yake nzuri hutokana na mabaki hayo. Matokeo ni kwamba mgonjwa aliyeambiwa aongeze mtindi kwa ajili ya jongo aweza kurudi baada ya miezi miwili viungo vikiuma zaidi, akidhani asidi imepanda, na akapimwa asidi, ikakutwa imepanda kweli, kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Bruselosi haitatafutwa.

Swali moja huondoa mtego huu, nalo halihitaji maabara: "Mzee, maziwa mnayachemsha kabla ya kuyagandisha, au yanaingia kibuyuni mabichi?" Likiulizwa bila kukemea, mgonjwa hujibu ukweli. Njia salama ni kuyachemsha maziwa hadi yafoke, kuyaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu tu mkononi, kisha kutia kijiko cha mtindi salama wa jana au mbegu ya mtindi ya kununua, kufunika na kuweka mahali pa joto usiku kucha, katika chombo kilichooshwa kwa maji ya moto. Nchini Uganda shirika la Yoba for Life limeonyesha kwamba hata bakteria wa probiotiki anayejulikana anaweza kufika vijijini kwa bei ndogo: mbegu yake huuzwa katika pakiti za gramu moja, na pakiti moja hutosha kugandisha lita 100 kwa hatua mbili. Bakteria wake hakuchaguliwa kwa ajili ya asidi ya yuriki, lakini utaratibu wake, yaani kuchemsha kwanza na kugandisha baadaye, ndio unaofaa kuigwa.

Kabla ya kulaumu asidi

Asidi ya yuriki iliyopanda na kiungo kinachouma vyaweza kukutana kwa mtu mmoja bila kimoja kusababisha kingine. Wakati wa shambulio la jongo lenyewe, asidi inaweza hata kuonekana ya kawaida. Kipimo hicho hurudiwa wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kuisha. Jongo huanza ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi katika kiungo kimoja cha mguu, na hutulia ndani ya wiki moja au mbili hata bila dawa. Maumivu ya magoti yote mawili yanayozidi jioni baada ya kazi ya shambani ni habari nyingine. Kiungo kimoja kilichovimba na kuwaka pamoja na homa ni dharura hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa kuwa usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na majadiliano ya mtindi yasubiri.

Dawa nazo hupandisha asidi, na hili husahauliwa. Vidonge vya kukojoza vinavyotolewa kwa shinikizo la damu, kama haidroklorothiazaidi na bendrofluazidi, huizuia figo kuitoa asidi. Aspirini ya dozi ndogo hufanya hivyo pia. Mgonjwa wa kifua kikuu aliye katika miezi miwili ya mwanzo ya tiba anatumia pirazinamidi, ambayo huipandisha asidi kwa nguvu na kuweza kuleta maumivu ya viungo. Kwa kawaida hutulizwa kwa dawa za maumivu na tiba ya kifua kikuu huendelea, na itakuwa hasara kubwa mgonjwa akiikatisha kwa kuogopa karatasi ya asidi. Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye selimundu, ambao seli zao nyekundu huvunjika kwa kasi na kumwaga purini kila siku. Maumivu ya mifupa kwa kijana wa aina hiyo yasipewe jina la jongo kwa haraka.

Dawa, chakula, na nafasi ya mtindi kati yake

Alopurinoli, iliyoingia katika matumizi miaka ya 1960 na kutokana na maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, huzuia zanthini oksidezi isitengeneze asidi. Huanzishwa kwa dozi ndogo, miligramu 100 au chini yake kwa siku, na kwa mwenye figo dhaifu 50, kisha hupandishwa polepole kwa kufuata kipimo hadi lengo lifikiwe. Dozi ndogo ya kolchisini au dawa nyingine ya kuzuia uvimbe huambatana nayo kwa miezi mitatu hadi sita, kwa sababu asidi inapoanza kushuka chembe za zamani huchokozeka na mashambulizi huweza kuongezeka kwanza. Wagonjwa wengi huacha alopurinoli hapo, wakisema imewadhuru, na kuhamia kwenye mtindi au mizizi. Asiyeelezwa mapema hana kosa. Upele wowote baada ya kuanza alopurinoli ni sababu ya kuiacha mara moja na kwenda hospitali, kwani mara chache hugeuka kuwa ugonjwa wa hatari wa ngozi.

Kinachowaumiza wengi zaidi ni diklofenaki ya kununua dukani, inayomezwa kwa miezi na watu wenye shinikizo la damu. Hutuliza maumivu, haigusi asidi, na huzichosha figo ambazo ndizo zilizobeba theluthi mbili za kazi.

Katika chakula, marufuku ndefu hazisaidii. Mkulima wa pamba wa Itilima ambaye nyama huiona kwenye sherehe hana haja ya kukatazwa kunde, mlenda wala michembe. Utafiti wa Boston unamtetea. Yafaa apunguze maini, figo, utumbo na supu nzito ya nyama, na pombe, hasa bia, pamoja na soda na vinywaji vya sukari, ambavyo huzalisha asidi ndani ya ini bila kuwa na purini hata kidogo. Kwa watu wa Busega walio kando ya ziwa, dagaa ni suala gumu. Samaki wadogo waliokaushwa na kuliwa wazima wamo katika kundi la vyakula vyenye purini nyingi, lakini pia ndiyo protini na madini ya bei nafuu kuliko yote. Kwa mwenye jongo linalorudia-rudia, kubadilisha baadhi ya milo ya dagaa kwa maziwa yaliyotolewa siagi ni mabadiliko yanayowezekana. Kwa familia nzima, kukataza dagaa kwa sababu ya mtu mmoja ni kuwaibia watoto.

Mtindi una nafasi yake hapo, kama chakula kizuri kilichochukua mahali pa chakula kibaya zaidi, na kama kinywaji cha jioni badala ya chupa ya bia. Kama bakteria wake wanaongeza kitu juu ya hapo kwa watu wa Simiyu, inaweza kupimwa. Mkoa una ng'ombe, una wasindikaji wa maziwa, una hospitali ya rufaa mjini Bariadi, na Mwanza jirani kuna watafiti waliokwisha kufanya kazi ya namna hiyo. Ingetosha kupata wagonjwa wanaokubali, kuwagawa kwa bahati nasibu, wengine wakinywa mtindi wenye bakteria anayetajwa kwa jina na wengine mtindi uleule uliochemshwa upya ili bakteria wafe, maziwa yote yakiwa yamechemshwa kabla ya kugandishwa. Asidi ingepimwa mwanzoni na baada ya wiki 12, asubuhi, kabla ya kula, nje ya shambulio. Na wale waliokuwa wakitumia alopurinoli wangeendelea kuimeza kila siku kama walivyoandikiwa.